Kutoka Mahudhurio hadi Hati ya Mshahara: Kuandaa Mishahara ya Mwezi kwa Mwajiri wa Sekta Binafsi

Ofisi yangu ipo chini kabisa katika jengo la utawala la kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, na dirisha lake linatazama njia ambayo wafanyakazi hupita wakienda kantini. Kila mwisho wa mwezi hapo huwa na foleni fupi ya watu wenye hati za mshahara mkononi, na swali lao ni moja: tarakimu hii imetoka wapi? Nimejifunza kuandaa mishahara kwa kulifikiria dirisha hilo kwanza. Mstari wowote nisioweza kumweleza mwenye mshahara kwa dakika mbili, huwa naurudia kabla haujachapishwa. Katika mwongozo huu nitamfuata mfanyakazi mmoja wa mfano, mhandisi kijana aliyesoma kwa mkopo wa serikali, ambaye mshahara wake wa msingi ni shilingi 975,000 kwa mwezi, akilipwa posho ya nyumba 120,000 na posho ya usafiri 100,000.

Hatua ya kwanza: kamilisha faili kabla ya kuingiza jina

Usimwingize mtu kwenye orodha ya malipo kwa maneno ya mkuu wa idara. Unahitaji mkataba uliosainiwa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya mlipakodi (TIN), namba ya uanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) na akaunti ya benki yenye jina linalofanana na la kitambulisho, kwa sababu herufi moja iliyokosewa kwenye jina leo itamsumbua miaka ishirini baadaye atakapokwenda kudai mafao. Kwa mhitimu wa elimu ya juu, mwajiri anatakiwa kuiarifu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ndani ya siku 28 tangu kumwajiri. Angalia pia Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara inayotumika, kwa kuwa viwango vyake hupangwa kwa sekta, na kiwanda, hoteli na kampuni ya ulinzi havina kiwango kimoja.

Hatua ya pili: funga mahudhurio

Sisi hufunga tarehe 20. Saa za ziada zinazofanyika baada ya hapo huingia mwezi unaofuata, na jambo hili liandikwe kwenye ubao wa matangazo ili lisizue maneno.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika kila mzunguko wa wiki nne. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha msingi, kazi ya siku ya mapumziko au ya sikukuu hulipwa mara mbili, na kazi ya usiku huongezewa asilimia 5. Wengi hukwama kwenye kupata kiwango cha saa moja. Nimeona watu wakigawanya mshahara kwa siku 30 kisha kwa saa 8, njia ambayo humpunja mfanyakazi. Jedwali la sheria hiyo linaelekeza kuugawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kisha kwa saa za wiki; kwa wiki ya saa 45 unapata kigawanyo kinachokaribia 195. Mhandisi wetu basi ana 975,000 kugawanya kwa 195, yaani shilingi 5,000 kwa saa, na saa yake ya ziada ni 7,500. Mwezi huu amefanya saa 14, kwa hiyo anastahili 105,000. Ukitumia ile njia ya siku 30 utapata saa ya shilingi 4,062.50, na tofauti hiyo ukiizidisha kwa wafanyakazi mia mbili na kwa miaka kadhaa, unakuwa umejitengenezea mgogoro mzito.

Hatua ya tatu: jenga mshahara ghafi

Jumlisha msingi, posho zote mbili na saa za ziada: 1,300,000. Kila posho ibaki kwenye mstari wake, hata kama bosi anapenda hati fupi, kwa sababu hatua inayofuata inategemea kuona kipi ni msingi na kipi ni nyongeza.

Hatua ya nne: makato ya kisheria, kwa mpangilio wake

Makosa mengi niliyowahi kuyasahihisha yalikuwa hapa. Asilimia zinafahamika na zimebandikwa kwenye kuta za ofisi nyingi, lakini ni rahisi kusahau kila asilimia inachukuliwa kutoka fungu gani. Fungu la NSSF ni mshahara ghafi, la PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, ni ghafi baada ya kutoa mchango wa NSSF wa mfanyakazi, na la Bodi ya Mikopo ni mshahara wa msingi peke yake.

Anza na NSSF. Mchango wote ni asilimia 20, na kwa kawaida mfanyakazi hukatwa 10 na mwajiri hutoa 10. Mhandisi wetu anakatwa 130,000, na kinachobaki, 1,170,000, ndicho kinachotozwa kodi.

Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kodi. Kuanzia hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kisha asilimia 20 hadi 760,000, asilimia 25 hadi 1,000,000, na asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi hapo. Kodi ya milioni moja ya kwanza ni 128,000. Kipato cha mhandisi kimezidi hapo kwa 170,000, na asilimia 30 yake ni 51,000, hivyo PAYE yake ni 179,000. Lau ungesahau kutoa NSSF kwanza, ungemkata 218,000, yaani 39,000 zisizo halali.

Kisha mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya 975,000, sawa na 146,250. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye kampuni nyingine, niliukata mkopo juu ya mshahara ghafi kwa miezi mitatu mfululizo bila mtu kusema neno. Kwa mshahara wa mfano huu kosa hilo lingekuwa 195,000 badala ya 146,250. Aliyeligundua ni dada wa maabara aliyekuja dirishani na kikokotoo cha simu, akasema kwa upole, "Kaka, naomba unioneshe hii asilimia kumi na tano ni ya nini." Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kila mstari wa makato kwenye jedwali langu una safu pembeni inayotaja fungu ulikotoka.

Mhandisi wetu anabakiwa na 844,750 mkononi.

Jifunze pia kueleza kodi ya saa za ziada, maana ndiyo inayoleta manung'uniko kuliko kitu kingine chochote. Fundi mmoja mzee wa karakana aliwahi kuniambia, "Mwanangu, nimekesha hapa, mbona ovataimu yangu mmeila?" Chukua mfano wetu: katika zile 105,000, NSSF imechukua 10,500, na 94,500 zilizobaki zote zimeangukia kwenye ngazi ya asilimia 30, kwa hiyo kodi yake ni 28,350. Kilichofika mfukoni ni 66,150. Mwandikie hesabu hiyo kwenye karatasi, mpe aende nayo, na umkumbushe kwamba zile 10,500 ni akiba yake mwenyewe.

Kwa upande wa mwajiri, mbali na NSSF yake ya 130,000, kuna tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL), inayohesabiwa kwenye mshahara ghafi, kwa mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 kilichoanza Julai 2023, tozo hiyo ni 45,500. Upo pia mchango wa asilimia 0.5 kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hivi viwili havikatwi kwa mfanyakazi kamwe, na ukivikuta kwenye safu ya makato yake, viondoe hapo hapo. Mtu anayepokea 844,750 anamgharimu mwajiri karibu 1,482,000, na ni vizuri mkuu wa idara anayeomba kuongezewa watu aione tarakimu hiyo. Viwango vyote hivi vikague upya kila Juni, bajeti ikishasomwa Dodoma.

Hatua ya tano: makato mengine

SACCOS, ada ya chama cha wafanyakazi na mikopo ya benki hukatwa kwa ridhaa ya maandishi au kwa msingi mwingine unaotambuliwa na sheria. Kwa kifaa kilichoharibika, kosa la mfanyakazi lithibitishwe kwanza kwa utaratibu wa haki, na makato ya namna hiyo yasizidi robo ya ujira wake. Meneja akipiga simu kusema "mkate tu", mwombe aandike.

Hatua ya sita: marupurupu yasiyo fedha taslimu

Gari la kampuni linalotumika pia kwa shughuli binafsi huongeza kipato kinachotozwa kodi kwa kiwango maalumu cha mwaka: gari lisilozidi miaka mitano lenye injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000, kwa mfano, huhesabiwa 500,000 kwa mwaka, na likizidi miaka hiyo huhesabiwa nusu yake. Huduma ya matibabu haitozwi kodi mradi itolewe kwa wafanyakazi wote wa kudumu bila ubaguzi. Ukiikatia bima menejimenti peke yake, umeipoteza nafuu hiyo. Chakula cha kantini ya ndani hufuata kanuni hiyo hiyo.

Hatua ya saba: linganisha, lipa, wasilisha

Weka orodha ya mwezi huu kando ya ile ya mwezi uliopita, na kila jina ambalo malipo yake yamebadilika liwe na sababu iliyoandikwa. Anayeidhinisha asiwe aliyeandaa. Hati za mshahara zitoke siku ile ile ya malipo.

PAYE na SDL ziwe zimefika Mamlaka ya Mapato (TRA) ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na makato ya Bodi ya Mikopo yawasilishwe ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. NSSF ina muda mrefu zaidi, lakini mimi huitoa pamoja na PAYE ili fedha za watu zisikae kwenye akaunti ya kampuni zikageuzwa za kununulia malighafi. Omba kumbukumbu namba za malipo mapema, kwa kuwa tarehe 6 mifumo huelemewa na kila mtu yumo.

Hatua ya nane: mfanyakazi anapoondoka

Mwajiri akisitisha mkataba, hesabu siku alizofanya kazi, likizo ambayo hajaichukua kati ya siku zake 28 za mwaka, na notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, usizidi miaka kumi, na hakilipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Tuseme mhandisi wetu hufanya kazi siku sita kwa wiki na ametumikia miaka sita: siku yake moja ni 975,000 kugawanya kwa 26 (4.333 mara siku sita), yaani 37,500, mwaka mmoja ni 262,500, miaka sita ni 1,575,000.

Mwisho angalia kwenye mkataba mahali alikoajiriwa. Kama aliajiriwa Mwanza akaletwa Dar es Salaam, mwajiri anawajibika kumsafirisha yeye na mizigo yake kurudi huko, na posho ya kujikimu ya kila siku inaendelea kuhesabika hadi asafirishwe. Kwa sababu hiyo, faili la anayeondoka linapofika mezani kwangu, nauli na lori la mizigo ndiyo malipo ninayoyapitisha kwanza.