Namna ya Kuwasilisha Malalamiko Dhidi ya Benki Yako

Mara tatu nilisimama dirishani nikieleza makato nisiyoyaelewa, na mara tatu nikaambiwa nirudi kesho. Mara ya nne nilikwenda na barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili. Mhudumu aliisoma, akainuka, akaenda kumwita mkubwa wake. Siku tisa baadaye fedha zilirudi. Sikuwa nimesema jambo jipya, ila safari hii maneno yangu yalikuwa na tarehe.

Kama umeibiwa kadi au umeona muamala usioufahamu, barua isubiri. Piga simu benki sasa hivi, kadi au akaunti ifungwe, na uandike saa uliyopiga. Dakika hizo zina uzito. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hasara ya kadi iliyoibwa inayoweza kumwangukia mteja kabla hajatoa taarifa haizidi yuro 50, isipokuwa kama alifanya ulaghai au uzembe mkubwa. Akishatoa taarifa, mzigo unahamia kwa benki, labda awe mdanganyifu mwenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta mstari wenyewe

Omba taarifa ya akaunti ya miezi sita au zaidi. Keti na kalamu, upigie mstari kila kato usilolitambua, kisha ulilinganishe na mkataba uliotia saini na orodha ya ada ya benki. Jiulize: hili nililikubali wapi? Chunguza hasa bima ya mkopo usiyoiomba, ada ya akaunti iliyolala, na adhabu ya kumaliza mkopo mapema.

Kwenye mkopo, tazama riba inahesabiwa juu ya nini. Asilimia 12 kwa mwaka ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, nawe unarejesha kila mwezi kwa mwaka mmoja, gharama halisi inakaribia asilimia 22, kwa sababu unaendelea kutozwa riba kwa fedha ulizokwisha kurudisha. Lalamiko lako linapata nguvu ikiwa hukuelezwa hivyo kabla ya kutia saini. Kanuni za G20 (kundi la nchi zenye uchumi mkubwa) na OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo) za kumlinda mteja wa huduma za fedha, za mwaka 2011 na kuhuishwa 2022, zinataka mteja aelezwe gharama waziwazi na atendewe haki.

Hatua ya 2: Andika barua fupi

Hasira unayo haki nayo, lakini barua iwe ya mambo yanayothibitika. Mfano:

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAKATO YA TAREHE …*

*Mimi ni mteja wenu, akaunti nambari … Tarehe … mlikata … kwa maelezo ya "bima ya mkopo". Sikuomba bima hiyo wala sikutia saini fomu yake. Naomba mnirudishie fedha hizo pamoja na ada zilizotokana nazo. Ikiwa mnakataa, naomba mnijibu kwa maandishi mkitaja kifungu cha mkataba mnachokitegemea. Nimeambatisha nakala ya taarifa ya akaunti.*

Ombi la mwisho ndilo lenye meno. Ni rahisi kumwambia mtu "ndio utaratibu wetu", lakini kifungu kisichokuwepo hakitajiki.

Hatua ya 3: Ikabidhi, ubaki na ushahidi

Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Ukitumia simu au programu ya benki, usikate kabla ya kupewa nambari ya malalamiko. Anayekuomba namba yako ya siri ili "ashughulikie suala lako" ni mwizi, hata akijua jina lako kamili.

Huku ukisubiri, endelea kulipa marejesho ya mkopo. Najua inauma kumlipa unayemdai. Lakini ukisimamisha, utaandikwa mdaiwa sugu, na lalamiko lako zuri litafunikwa na deni.

Hatua ya 4: Hesabu siku

Kila nchi ina muda wake: Uingereza kwa kawaida huipa benki wiki 8, India siku 30. Uliza wa kwako siku unayokabidhi barua. Ukijibiwa kwa simu kwamba umekataliwa, dai jibu la maandishi, maana ndilo utakalolipeleka mbele. Ukipewa sehemu ya fedha pamoja na fomu ya kusaini, isome hadi mwisho. Huenda inasema umeridhika na hutadai tena.

Hatua ya 5: Panda ngazi

Muda ukipita au jibu lisipokuridhisha, nenda kwenye dawati la malalamiko la benki kuu au kwa msuluhishi wa huduma za fedha, yaani chombo cha nje ya benki kinachoamua migogoro ya benki na wateja, kadiri nchi yako ilivyopanga. Usikawie: Uingereza, una miezi 6 tangu jibu la mwisho la benki. Mara nyingi huduma hii ni bure, kwa hiyo humhitaji dalali anayetaka asilimia ya fedha zako. Usifungue pia kesi mahakamani kabla ya kuuliza, kwa kuwa wasuluhishi wengi hawapokei shauri lililoko huko.

Ambatisha barua yenye mhuri, jibu la benki na taarifa ya akaunti.

Ukishinda, chukua taarifa mpya ya akaunti. Hakikisha kato limerudi, na adhabu iliyozaliwa nalo imefutwa. Kama uliripotiwa kwenye kumbukumbu za wakopaji, iombe benki ikupe barua ya kuthibitisha kwamba jina lako limesafishwa.