Baada ya Leza ya Glakoma: Madhara ya Kuangalia

Ukishapigwa leza ya kutibu glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mara nyingi kwa sababu ya presha kubwa ndani ya jicho), usiondoke kliniki kabla presha ya jicho haijapimwa tena, kwa kawaida baada ya saa moja hivi, kwa kuwa inaweza kupanda pasipo wewe kuhisi chochote, na hilo ndilo dhara la kuangaliwa kwanza. Wekundu, kuwashwa kidogo, kuumizwa na mwanga au kuona ukungu kwa siku chache ni mambo ya kawaida. Vaa miwani ya jua, na mtu mwingine aendeshe gari. Matone yako ya kila siku usiyaache bila idhini ya daktari, maana nafuu ya leza huchukua wiki kadhaa kuonekana. Maumivu makali, kutapika au uoni kupungua ghafla, rudi hospitalini siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku.