Plasta ya kushika sensa ya sukari: ninavyoikata na kuibandika hapa Moshi

Sensa, yaani kile kifaa kidogo kinachobandikwa mwilini kupima sukari, ikibanduka siku ya tano, mara nyingi chanzo ni hali ya ngozi ulipoibandika siku ya kwanza. Kwa hiyo nitaanza na ngozi, plasta itafuata.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani jirani na Soko la Kati, na ninaishi na kisukari aina ya kwanza. Sensa yangu ni FreeStyle Libre 2, ile inayokaa nyuma ya mkono wa juu kwa siku 14. Dada yangu hunitumia kwa mtu anayesafiri. Ikibanduka kabla ya wakati, narudi kuchoma kidole mpaka mzigo mwingine ufike. Februari, jua la Moshi likiwaka na jasho likishuka hadi viwikoni, plasta kwangu si pambo.

Adui wa kwanza ni mafuta. Wengi wetu tukitoka kuoga tunajipaka vaselini au mafuta ya nazi mwili mzima, na gundi haishiki hapo. Siku ya kubadilisha sensa, mkono huo usiupake kitu tangu asubuhi. Jioni, jua likishapoa, oga kwa sabuni ya kipande ya kawaida. Zile sabuni zenye losheni ndani huacha utando. Kama mkono una vinyweleo vingi, vinyoe. Halafu kaa kwanza, mwili upoe, maana ukitoka kwenye maji ya moto jasho hurudi muda si mrefu. Futa kwa pamba yenye spiriti, uache pakauke penyewe. Usipulize kwa mdomo, na kidole kisiguse tena hapo.

Plasta ninayoipenda ni ile pana ya kitambaa laini ambayo manesi hubandikia vidonda vikubwa, roli la upana wa sentimita 10. Inapitisha hewa na inafuata mkono unapojikunja. Ile nyeupe ngumu ya kawaida siishauri. Hainyumbuki, na ukiibandua inaondoka na ngozi. Gundi ya viatu au ile ya matone inayokauka papo hapo usiisogeze kabisa mwilini.

Sensa hii ina upana wa milimita 35 na unene wa milimita 5. Kata kipande cha sentimita 9 kwa 9, ili pembeni pabaki ngozi ya kushikwa ya zaidi ya sentimita 2 kila upande. Sasa zungusha kona zote mpaka kipande kiwe duara. Hapa ndipo watu wengi wanapoharakisha. Kona kali hunaswa na mkono wa nguo kila unapovaa na kuvua, inainuka kidogo, vumbi linaingia chini yake, na kesho yake upande mzima umeachia. Kunja kipande mara mbili upate msalaba wa mikunjo, kisha pale mikunjo inapokutana kata tundu la sentimita 1. Sensa ina kitundu kidogo katikati ambacho hakitakiwi kuzibwa, na hilo tundu la plasta ndilo linalokiacha wazi. Kama unatumia sensa ya aina nyingine, soma kwanza karatasi yake ujue mahali pasipofunikwa.

Bandika plasta siku ileile unapoweka sensa, usingoje mpaka ianze kuinuka. Karatasi ya nyuma ichane katikati. Lenga tundu, gusisha katikati kwanza, kisha lalisha upande mmoja, halafu wa pili, bila kuvuta plasta hata kidogo. Plasta iliyovutwa hutaka kurudi ilikotoka, na ikirudi inakokota ngozi mpaka itoke malengelenge. Sugua kingo kwa kidole kuelekea nje, kisha funika kwa kiganja kama dakika moja. Joto la mkono huisaidia gundi kushika. Usiku huo usiiloweshe.

Siku zinazofuata, baada ya kuoga gandamiza taulo taratibu, usisugue. Kwenye kifodi (daladala) kilichojaa, mkono wenye sensa uweke upande wa dirishani. Ukienda kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka, kumbuka sensa hii imetengenezwa kuvumilia kina cha mita 1 kwa dakika 30 tu, na plasta haiongezi chochote hapo. Usiku ukiilalia, inaweza kuonyesha sukari imeshuka wakati haijashuka. Hakikisha kwa kidole.

Ukingo ukiinuka, ukate kwa mkasi mdogo, basi. Usibandue plasta yote uweke nyingine, kwa sababu unaweza kung'oa sensa pamoja nayo. Na kama kile kiuzi kilichoingia kwenye ngozi kimeshatoka, usikirudishe. Sensa hiyo imekwisha. Rudi kwenye kipimo cha kidole na usikadirie insulini kwa kubahatisha.

Kubandua nako kuna utaratibu wake, na hapa ndipo mafuta ya nazi yanapofaa. Paka kwenye kingo, subiri yapenye. Kisha kunja ukingo urudi nyuma na uuvute ukiwa umelala sambamba na ngozi, mkono mwingine ukishikilia ngozi iliyo mbele yake. Polepole. Kuvuta kwa kwenda juu kunaumiza, na kwa mtoto kunamfanya aogope sensa inayofuata.

Wekundu kidogo unaoisha baada ya siku moja usikutishe. Ila ukiona malengelenge, majimaji au muwasho unaozidi kila sensa, huenda ngozi yako inaikataa gundi. Kemikali iitwayo isobornili akrileti, iliyokutwa katika gundi za baadhi ya vifaa vya aina hii, inajulikana kwa kuleta mzio huo. Nenda kliniki na plasta yenyewe mkononi, daktari aione.

Ukimaliza, osha mafuta kwa sabuni, na sensa mpya iende mkono wa pili.