Hofu Ikikushika Kabla ya Uamuzi: Namna ya Kutafuta Uongozi wa Mungu

Mvuvi wa mwaloni Kirumba, Mwanza, akiona wingu zito limesimama juu ya ziwa, akaghairi kutoka, hajapungukiwa imani. Ametumia macho. Kabla ya kukemea hofu yoyote, ichunguze kwanza kama imekuja kukuonya. Katika Ziwa Victoria, meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimezidisha abiria. Ukipanda chombo ukaona kimejaa kupita kiasi, shuka, kisha uombe ukiwa nchi kavu.

Hofu inayobaki baada ya hapo ndiyo ya kufanyia kazi. Chukua daftari uiandike kwa sentensi moja, yenye kitu na tarehe. “Naogopa maisha” haitakufikisha popote. Andika hivi: “Naogopa nikikopa milioni tatu za kikundi ninunue mashine ya boti, marejesho yatanishinda siku za mbalamwezi, taa isipovuta dagaa.” Sasa piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto weka yanayopimika: usiku mnaovua kwa mwezi, bei ya mafuta, rejesho la kila wiki. Kulia weka yasiyopimika: watanisemaje, nitaaibika, baba naye alishindwa. Upande wa kushoto unataka hesabu, na hesabu haifutwi kwa kufunga siku tatu. Upande wa kulia ndio wa kupeleka magotini. Wengi hukwama kwa sababu wamegeuza: wanaombea bei ya mafuta, halafu wanahangaika wenyewe na aibu.

Dakika kumi asubuhi zinatosha kuanzia. Soma Zaburi 56:3 kwa sauti, kisha taja hofu yako kama ulivyoiandika, bila kuipamba. Fuata Wafilipi 4:6: omba haja yenyewe, halafu shukuru kwa jambo moja la jana. Angalia pia aya ya 7 inaahidi nini. Inaahidi amani ya kulinda moyo, haisemi kwamba amani hiyo ni jibu la “ndiyo”. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mtu husikia moyo umetulia akadhani ameruhusiwa, kumbe amechoka tu kufikiri.

Anayeishi kando ya ziwa ataielewa upesi Matendo 27. Paulo, akisafirishwa kama mfungwa, aliwaonya waliokuwa naye merikebuni wasisafiri, maana msimu wa hatari ulikuwa umeshafika. Akida, yule ofisa wa jeshi aliyemlinda, akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu. Kisha upepo wa kusi ukavuma taratibu, wakaona wamepata walichotaka, wakang’oa nanga. Muda si mrefu tufani ikawakumba. Mlango kufunguka peke yake si uongozi. Hata baada ya malaika kumwambia Paulo asiogope, aliwazuia mabaharia wasitoroke na mashua, akawahimiza watu wale chakula. Watu wote 276 walifika pwani. Merikebu yenyewe ilivunjika.

Kufumba macho na kufungua Biblia popote, ukachukua aya ya kwanza, ni bahati nasibu tu. Tafuta washauri watatu: mmoja anaijua kazi yenyewe, mwingine anakujua wewe na udhaifu wako, wa tatu hapati chochote ukikubali wala ukikataa. Waoneshe ukurasa wenye mstari, usiwaambie umeshaamua. Wote watatu wakisita kwa sababu ileile, simama. Anayetaka sadaka kwanza ndipo akupe neno la Bwana, mwache aende zake, hata akitaja jina la marehemu bibi yako.

Weka tarehe ya kuamua, tuseme wiki mbili. Usiamue saa nane usiku. Eliya alipoomba afe, Mungu hakuanza na maelekezo: Eliya alilala, akapewa mkate na maji, akalala tena, akala tena (1 Wafalme 19). Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, naye alifundisha kwamba moyo ukiwa gizani usibadilishe uamuzi uliofanya ukiwa na mwanga. Tarehe ikifika, chukua hatua ndogo unayoweza kuirudisha. Akipatikana mwenye mashine ya kukodisha, kodi mwezi mmoja kabla ya kununua, ukiandika mapato ya kila usiku, ule wa hasara pia.

Kuna hofu ambayo daftari haliiwezi: moyo unadunda bila sababu, usingizi umekata, chakula hakipiti, na wiki ya pili inakatika. Hiyo ipeleke hospitali. Bugando, hapo Mwanza, ni hospitali ya Kanisa Katoliki, na maradhi ya akili hutibiwa pale kama malaria inavyotibiwa. Kama umeanzishiwa dawa, usiziache kwa sababu umeombewa. Daktari ndiye wa kukupunguzia dozi. Mwombe katekista au mzee wa kanisa akusindikize siku ya kwanza, na lile daftari uende nalo.