Jinsi ya kukagua feruzi uliyoinunua kwenye televisheni kabla siku za kurudisha hazijaisha

Mwezi uliopita mama mmoja jirani yangu hapa Phoenix, mwenyeji wa Bukavu, alinibishia hodi akiwa na kisanduku mkononi. Alikuwa amenunua seti ya feruzi, lile jiwe la buluu, kwenye chaneli ya televisheni inayouza bidhaa usiku kucha: kidani cha fedha chenye jiwe moja, pamoja na bangili ya punje zilizotungwa kwenye mpira. Alilipa kwa awamu nne. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ni sonara. Hii ni jiwe ya kweli ao wamenidanganya?"

Usiku ule nilimpa jibu, na halikuwa sahihi. Kesho yake nililazimika kurudi kwake na jibu jingine. Nimeandika hatua hizi kwa mpangilio ambao ningetamani ningeufuata tangu mwanzo.

Hatua ya 1: Acha lebo mahali pake

Soma karatasi ya kurudisha bidhaa, uandike tarehe ya mwisho kwenye kalenda. Usikivae kidani, usikate lebo, usitupe mfuko. Piga picha za kila kitu, na kama tangazo bado liko kwenye tovuti yao, lipige picha pia, maana maelezo hubadilishwa.

Hatua ya 2: Soma walichoandika, sahau alichosema mtangazaji

Mtangazaji husema "feruzi" kwa mapenzi makubwa, lakini karatasi ndiyo inayowafunga. Ikisema "natural", wanadai jiwe halikutiwa kitu. "Stabilized" ni feruzi ya kweli iliyokuwa laini kama chaki, ikanyweshwa rezini (gundi ya plastiki inayoganda) ili iwe ngumu. Hii si hila, mradi wamekwambia; feruzi nyingi sana iliyoko sokoni ni ya namna hii, na mimi naiuza bila aibu. "Reconstituted" ni vipande na unga wa mawe ulioshikizwa kwa rezini. "Block" kwa kawaida ni plastiki na rangi tu, bila feruzi ndani yake.

Jihadhari na maneno mawili zaidi. "Turquoise" kwa Kiingereza ni jiwe na pia ni rangi, kwa hiyo "turquoise bracelet" inaweza kumaanisha bangili ya buluu tu. Na "African turquoise", jina ambalo sisi watu wa Afrika linatuvuta moyo, si feruzi kabisa. Ni aina ya yaspi, jiwe jingine lenye madoa.

Wakitaja mgodi, uliza zaidi. Sleeping Beauty, ulioko Globe hapa Arizona, uliacha kutoa feruzi mwaka 2012. Mawe yake ya zamani bado yanauzwa, lakini si kwa bei ya kutupa. Na wakisema kazi ni ya Wanavajo au Wazuni, hilo ni dai la kisheria: sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu sanaa na kazi za mikono za Wahindi Wekundu inakataza kuuza kitu kwa jina lao ikiwa si wao waliokitengeneza. Sonara wa kabila hizo wanaishi kwa kazi hii, na kila kidani cha uongo kinawanyang'anya mkate. Lakini "Southwest style" haidai chochote. Ni mtindo tu.

Hatua ya 3: Lenzi

Nunua lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Zile za bei chee zinazojiita za mara 30 au 40 hazina faida, picha inapinda ukingoni. Programu za simu zinazodai kutambua mawe achana nazo kabisa. Zinatazama rangi, na rangi ndiyo kitu cha kwanza kinachoigwa.

Chungulia ndani ya tundu la kila punje. Ukiona weupe chini ya buluu, au rangi imejikusanya kwenye nyufa kama wino, ni jiwe jeupe lililotiwa rangi, mara nyingi haulaiti au magnesaiti. Jiwe lisilo na mishipa myeusi lisikutie shaka kwa sababu hiyo pekee, kwa kuwa Sleeping Beauty lilisifika kwa buluu safi isiyo na mshipa.

Matundu ya bangili ya mama yalikuwa ya buluu mpaka ndani. Hapo ndipo nilipohamia kwenye maji.

Hatua ya 4: Pima uzito ndani ya maji

Hatua hii ni ya bangili au punje zisizo na chuma. Jiwe lililofungwa kwenye fedha usilipime hivi, fedha ni nzito mno na itaharibu hesabu.

Unahitaji mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01, na bilauri ya maji. Pima bangili ikiwa kavu. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, halafu ining'inize bangili ndani ya maji huku umeishika kutoka juu, izame yote bila kugusa chini wala ubavuni. Namba itakayotokea ni ujazo wa mawe. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Feruzi hutoa kati ya 2.6 na 2.9. Haulaiti iko karibu 2.5, magnesaiti karibu 3.0, plastiki iko chini sana.

Sasa kosa langu. Bangili ilikuwa gramu 27.40. Niliitia kwenye kimfuko cha wavu ili isinitoroke, nikaizamisha, mizani ikasoma 9.86. Jibu: 2.78, katikati kabisa ya feruzi. Nikamwambia mama alale salama. Nilipolala mimi, moyo haukutulia, kwa kuwa zile punje zilikuwa nzito kiganjani kuliko nilivyozoea. Niliamka saa saba usiku na kurudia mpaka alfajiri.

Nilichojifunza ni kwamba makosa karibu yote ya kipimo hiki yanavuta upande mmoja. Wavu unachukua nafasi yake ndani ya maji. Viputo vya hewa vilivyonasa kwenye wavu, kwenye matundu na katikati ya punje navyo vinachukua nafasi. Bangili ikigusa chini hata kidogo, mizani inabeba sehemu ya uzito wake. Kila kimoja kinaongeza ile namba ya pili, na jiwe linaonekana jepesi kuliko lilivyo. Ndivyo magnesaiti inavyoshuka na kuvaa sura ya feruzi.

Kwa hiyo: tumia mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, usitumie wavu wala uzi wa pamba. Chemsha maji uyaache yapoe, yatoe hewa, kisha tia tone moja la sabuni ya vyombo. Tikisa bangili ndani ya maji mpaka viputo vitoke. Rudia mara tano, na uamini namba ndogo. Nilipofanya hivyo, mizani ilisoma 9.06. Jibu: 3.02.

Kuna tahadhari mbili. Feruzi asilia isiyotiwa rezini hunywa maji na inaweza kubadilika rangi, basi kama karatasi inasema "natural", ruka hatua hii. Na feruzi iliyonyweshwa rezini nyingi inaweza kushuka chini ya 2.6, ikakutana na haulaiti. Jibu la 2.5 peke yake halihukumu mtu. Jibu la 3.0 linahukumu.

Hatua ya 5: Asetoni

Kijiti cha pamba, tone moja la asetoni (kiyeyushi kinachoondoa rangi ya kucha), mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka buluu, ni rangi. Isipotoka, hujathibitisha lolote, maana rangi inaweza kufunikwa na rezini. Fanya hivi tu ikiwa hukusudii kurudisha.

Sindano ya moto: usiguse

Watu wanapenda sana kuchoma jiwe kwa sindano ya moto kwa sababu plastiki hunuka. Feruzi ya kweli yenye rezini nayo hunuka, na kovu halifutiki.

Hatua ya 6: Kurudisha

Andika, usipige simu. Kwa niaba ya mama tuliwaandikia wauzaji hivi: "Mliuza bangili hii kama feruzi. Uzito wake dhidi ya maji ni 3.02, na feruzi haizidi 2.9. Nataka fedha zangu." Tukaambatanisha picha za mizani. Kile kidani sikuweza kukithibitisha bila kukifumua. Kazi hiyo ni ya maabara yenye kipimo cha infraredi kinachoona rezini, na ada yake ingekaribia bei ya seti yenyewe. Mama aliamua kurudisha vyote viwili. Tulivipeleka posta zikiwa zimebaki siku nne.