Roboti ya kufuata mstari kwa timu ya shule yenye bajeti ndogo

Roboti nyingi za shule hazishindwi na wapinzani. Hushindwa kumaliza raundi: waya umechomoka, betri imelegea, au jua limeingia dirishani na sensa zikachanganyikiwa. Kwa hiyo wekeni vitu vichache, na muda mwingi upeni majaribio. Someni sheria za mashindano kwanza: vipimo na uzito unaoruhusiwa, upana wa mstari, aina ya betri.

Mahitaji: Arduino Uno moja (bodi ndogo ya kompyuta inayoendesha programu), kiendeshi cha mota L298N, mota mbili za manjano zenye gia, magurudumu mawili ya milimita 65, kigurudumu cha mbele kinachogeuka kila upande, sensa tano za TCRT5000 (hutofautisha nyeusi na nyeupe kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho), betri mbili za 18650 (za lithiamu, za mviringo) za kuchaji pamoja na kishikio chake, na swichi. Betri ya mraba ya volti 9 iacheni dukani. Haiwezi kutoa mkondo wa kutosha mota mbili, na bodi itazima na kuwaka upya kila roboti inapoondoka. Betri mbili za 18650 zikiungwa kwa kufuatana, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, hutoa volti 7.4, L298N hula karibu volti 2, na zinazobaki zinazifaa mota hizi.

Chesisi ni plaiwudi ya milimita 3, sentimita 15 kwa 12. Mkiwa Kisumu, mabaki ya mafundi wa fanicha wa Kibuye yanatosha. Betri zikae juu ya magurudumu makubwa. Zikiwekwa mbele kabisa, tairi hukosa uzito na kuteleza kwenye kona.

Sensa ndizo za kuhangaikia. Zifungeni mbele ya magurudumu, milimita 5 hivi kutoka sakafuni. Kama mstari ni tepu nyeusi ya fundi umeme, yenye upana wa milimita 19, achanisheni sensa kwa milimita 15 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Nafasi ikizidi upana wa tepu, mstari utajificha kati ya sensa mbili na roboti itadhani umepotea. Jua la mchana lina infraredi nyingi, basi zungusheni karatasi nyeusi kama sketi kuzunguka sensa. Skrubu ndogo ya kurekebishia sensa igeuzeni kwenye uwanja wenyewe wa mashindano. Sakafu ya darasani huakisi mwanga tofauti.

Kwenye nyaya, hasi ya betri, ya L298N na ya Arduino lazima ziungane. Bila hivyo mota hutetemeka ovyo na mtalaumu programu bure. Vibati vya shaba vya mota za manjano hukatika upesi waya ukivutwa: lehemuni, kisha bandikeni waya kwenye mwili wa mota kwa gundi ya moto. Lehemuni pia kapasita ya nanofaradi 100 kati ya vibati hivyo kupunguza kelele za umeme.

Programu: zipeni sensa thamani -2, -1, 0, 1, 2 kutoka kushoto. Wastani wa zinazoona nyeusi ndio kosa, yaani kiasi roboti ilichotoka kwenye mstari. Anzeni na mwendo 120 kati ya 255. Zidisheni kosa kwa 25. Jibu lijumlisheni kwenye mwendo wa gurudumu la kushoto na kulitoa kwenye wa la kulia. Pandisheni hiyo 25 kidogo kidogo hadi roboti ianze kuyumba, kisha ongezeni sehemu inayozingatia tofauti ya kosa la sasa na lililopita, mpaka itulie. Hapo ndipo muongeze mwendo. Sensa zote zikiona nyeupe, roboti igeukie upande ilikouona mstari mara ya mwisho. Ondoeni kila amri ya delay, inayosimamisha programu kwa muda: kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, milisekunde 20 ni sentimita nzima roboti ikienda kipofu.

Betri zikichoka, mwendo hushuka na vipimo vyote huharibika. Pimeni kwa mita kabla ya kila raundi, na chini ya volti 7.2 badilisheni. Sandukuni wekeni seti ya pili iliyochajiwa, mota ya akiba iliyokwisha kulehemiwa nyaya, bisibisi na kitambaa kibichi cha kufutia vumbi kwenye tairi.