Jinsi ya Kuzuia Matangazo ya Vikundi vya Kidini Vyenye Utata Katika Tovuti ya Habari za Burudani

Mwaka 2012, Katie Holmes alipodai talaka kwa Tom Cruise, ilikuwa vigumu kwa mwandishi wa burudani kuieleza habari hiyo bila kulitaja kanisa la Scientology, kikundi cha kidini chenye utata kilichoanzia Marekani, ambacho Cruise ni muumini wake. Mfumo wa matangazo unaolinganisha maneno ya ukurasa na maneno yaliyolipiwa hauelewi kwamba makala inakosoa au inasifu. Unaona mada, kisha unaleta tangazo linalofanana nayo. Hivyo ndivyo makala yenye ushuhuda wa waliolihama kanisa inavyoweza kubeba chini yake tangazo la kumkaribisha msomaji afanye jaribio la bure la kupima haiba yake. Hakuna mtu katika chumba cha habari aliyeamua hivyo, lakini msomaji hana njia ya kulijua hilo, naye ana haki ya kuuliza.

Ukipokea malalamiko ya msomaji kuhusu tangazo kama hilo, usiufungue ukurasa na kumjibu kwamba wewe huoni kitu. Nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada unaofanyika ndani ya sehemu ya sekunde kila ukurasa unapofunguliwa, kwa hiyo msomaji wa Mombasa na msomaji wa Berlin huona matangazo tofauti katika makala ileile. Mwombe picha ya skrini, saa aliyoliona, nchi aliyopo na anwani ya ukurasa. Matangazo yanayotoka Google huwa na alama ndogo pembeni inayoweza kuonyesha nani amelipa, na tangu mwaka 2023 ipo hifadhi ya wazi ya kampuni hiyo ambamo unaweza kumtafuta mwenye tangazo kwa jina. Usibofye tangazo lililo kwenye tovuti yako mwenyewe ili kuona linaelekea wapi, kwa maana kufanya hivyo ni kinyume cha masharti na kunaweza kukugharimu akaunti.

Ukishaijua anwani ya tovuti ya mwenye tangazo, ingia katika vidhibiti vya uzuiaji vya AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo katika tovuti za watu, na uifungie. Kikundi kimoja huweza kuwa na anwani nyingi, kwa hiyo rudi mara kwa mara kwenye sehemu ya kukagua matangazo yaliyokwisha kuonyeshwa. Ipo pia orodha ya aina nyeti za matangazo, dini ikiwa mojawapo, ambayo unaweza kuizima kwa mkupuo mmoja. Mimi sipendekezi kuizima moja kwa moja. Katika Afrika Mashariki muziki wa injili ni sehemu kubwa ya burudani yenyewe, na ukiifunga aina nzima unaweza kupoteza tangazo la tamasha la kwaya, la safari za umra au la duka la vitabu vya dini, ambayo hayana kosa lolote. Izime kwa siku chache habari ya moto inapoendelea, au uuondoe ukurasa huo mmoja katika matangazo ambayo mfumo huyaweka wenyewe (Auto ads). Kama unatumia pia mtandao mwingine wa matangazo, hasa ule unaoweka visanduku vya makala zinazopendekezwa chini ya habari, fanya kazi hiyo upya huko, kwa sababu ulichofungia upande mmoja hakihamii upande wa pili.

Swali gumu ni nani hasa afungiwe. Marekani iliipa Scientology msamaha wa kodi mwaka 1993 kama taasisi ya dini, ilhali nchini Ufaransa taasisi zake mbili za Paris zilitiwa hatiani kwa ulaghai mwaka 2009 na hukumu hiyo ikathibitishwa mwaka 2013. Kwa hiyo usiandike orodha ya dini usizozipenda. Andika mwenendo wa tangazo usioukubali: linaloficha jina la kikundi, linaloahidi uponyaji au utajiri kwa malipo, linalomshawishi mgonjwa aache dawa. Baada ya miili zaidi ya 400 ya waumini wa kikundi cha kidini walioshawishiwa kufunga hadi kufa kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, kuanzia mwaka 2023, hakuna mhariri wa Kiswahili anayeweza kuliona jambo hili kuwa dogo.

Mlango mwingine ni makala za kulipiwa, yaani zile ambazo mdhamini hulipa ili zichapishwe, na hapo mashine haihusiki. Tarehe 14 Januari 2013 jarida la The Atlantic liliweka mtandaoni makala iliyodhaminiwa na Scientology, ikimsifu kiongozi wake David Miscavige. Ilikuwa na alama ya udhamini, lakini wasomaji walikasirika, hasa ilipobainika kuwa maoni ya chini yake yalikuwa yakisimamiwa na watu wa masoko. Iliondolewa usiku huohuo, na kesho yake jarida likakiri waziwazi kwamba limekosea. Kwa hiyo kila makala ya kulipiwa isomwe na mhariri mwenye mamlaka ya kuikataa kabla mkataba haujatiwa saini, na idara ya masoko isipewe kamwe kazi ya kufuta maoni.

Tangazo likishaonekana, liondoe, kisha weka chini ya makala maelezo mafupi yanayotaja lilikuwa la nani, liliingiaje, lilionekana kwa muda gani na nini kimefungwa. Mjibu pia msomaji aliyekuarifu, kwa jina lake, kabla maelezo hayo hayajachapishwa.